Tambi za Magadi

Gari moshi lilipoanza kufika Dodoma, wakati wa Mdachi, lilishusha watu wa kila namna. Walishuka Wahindi na marobota yao ya nguo, askari na wake zao, makarani wa kofia nyekundu, na Mchina mmoja. Mchina huyo alikuwa na sanduku la zana za useremala, karai pana jeusi la kupikia, na vijiti viwili virefu alivyovichomeka mkandani. Jina lake lilikuwa refu na gumu. Watu wakachukua kile kipande walichoweza kukitamka, wakamwita Aseni, na kwa kuwa kichwa chake kilikuwa na mvi tayari, akawa Mzee Aseni.

Miaka mingi nyuma aliletwa na meli pamoja na wenzake kulima kahawa katika milima ya Usambara. Wengi walikufa, wengine walirudishwa kwao, yeye akabaki kwa sababu alijua mbao. Akaifuata reli kituo baada ya kituo akijenga nyumba za mainjinia, mpaka alipofika Dodoma miguu ikakataa. Akajenga kibanda cha miti na udongo hatua chache kutoka stesheni, akalaza randa, akashika mwiko.

Alichouza ni tambi. Si hizi za kukaanga na sukari ambazo watu wa pwani hula mwezi wa Ramadhani. Zake zilikuwa ndefu, nene kidogo kuliko uzi wa kushonea magunia, zikichemshwa, kisha zikirushwa kwenye lile karai na mafuta ya karanga, mchicha, vitunguu na vipande vyembamba vya nyama ya mbuzi. Juu yake alinyunyiza mchuzi mweusi wenye chumvi kali, aliouvundika mwenyewe kwa kunde kwenye mtungi ulioziba mdomo. Mtungi huo ulikaa nyuma ya kibanda, na siku ya upepo harufu yake ilifika hadi kwenye tangi la maji la stesheni.

Mwanzoni watu walicheka. "Mchina anauza minyoo!" walisema. Lakini njaa ya abiria haina maringo. Gari moshi likisimama kupakia kuni na maji, mikono hutoka madirishani, na chakula cha moto kilichokuwa karibu kilikuwa kile. Makarani waliokwisha kufika mpaka Unguja walipenda kumchokoza: "Mzee, hiki kweli ndicho chakula cha kwenu, au umekibuni hapahapa kwenye vumbi la Ugogo?"

Mzee Aseni hakuchekea jambo hilo. Alijibu neno lilelile siku zote: "Cha kwetu kweli. Kama cha mama yangu."

Msaidizi wake alikuwa mwanamke wa Kondoa, jina lake Mishi. Mumewe, Msafiri, aliajiriwa kukata mataruma, yale magogo ya kulazia reli, akaugua kifua porini, akazikwa hukohuko kabla mkewe hajapata habari. Mishi alitembea kutoka Kondoa hadi Dodoma siku nyingi, akaoneshwa kaburi, akakaa kwenye ukuta wa stesheni miguu imemvimba, hajui aende wapi. Mzee Aseni alimwona toka asubuhi mpaka jua limesimama utosini. Hakumuuliza lolote. Alimletea tambi kwenye kibuyu, akaviweka vidole vyake mwenyewe mdomoni kumwonesha kwamba huliwa, akaenda zake.

Kesho yake Mishi alikirudisha kile kibuyu kimeoshwa kinang'aa, na ndani yake mna chumvi kiasi cha kubana kwa vidole vitatu. Ndiyo iliyokuwa imebaki kwenye fundo la kanga yake.

"Sikukuambia ulipe," alisema Mzee Aseni.

"Si malipo, baba. Kwetu ukipewa chakula kwenye chombo cha mtu, unaporudisha chombo unatia kitu ndani, hata kama ni kidogo."

Mzee aliitazama ile chumvi muda mrefu. Kisha akamuuliza kama anajua kukanda unga.

Basi kuanzia hapo ikawa ndiyo desturi ya kile kibanda. Abiria walilipa hela yao dirishani, lakini watu wa mji na wa vijiji vya jirani waliazimwa kibuyu waende nacho nyumbani, na kibuyu kikirudi kilirudi na kitu: mayai mawili, vitunguu, konzi moja ya karanga, samli kwenye kipande cha kibuyu kingine. Jiko likapika leo kilichorudi jana. Hakuna aliyeandika wala kuuliza nani katia nini.

Mishi alikuwa na masharti yake mawili, nayo aliyasema siku ya kwanza: nguruwe sipiki, na swala yangu nisikatizwe. Mzee akakubali yote. Naye alikuwa na masharti mawili. La kwanza, vijiti virefu vya kutolea tambi kwenye maji yanayochemka vishikwe na yeye peke yake, maana kwao anayesimama pale ndiye mpishi. La pili, kisiongezwe kitu ambacho hakukisema yeye. Hilo la pili halikuwa mchezo. Kabla ya Mishi alikuwapo mpishi mmoja kutoka pwani, Yahaya, hodari na mcheshi, ambaye asubuhi moja alitia iliki na karafuu kwenye mchuzi akidhani anampendeza bosi wake. Alitimuliwa kabla maji hayajachemka mara ya pili. "Chakula cha kwetu hakichezewi," Mzee Aseni alisema. Maana alikuwa hana picha ya kwao wala barua. Alichokuwa nacho ni ile ladha tu.

Mwaka mmoja ukapita salama. Halafu ikaja shida ya unga.

Unga wa ngano ulitoka pwani kwa gari moshi, na gunia la mara hii lilikuwa limenyeshewa njiani. Lilikuwa na wadudu na harufu ya ukale. Mishi akauchekecha mara tatu, lakini tambi zake zikawa hazishikani. Zikiingia kwenye maji ya moto zinakatikakatika, zinakuwa uji. Na ilikuwa wiki hiyohiyo Mzee Aseni aliposhikwa na homa, akalala kwenye kitanda cha kamba siku tatu, akiongea lugha ambayo hakuna mtu Dodoma nzima wa kumjibu.

Mishi akawa peke yake na donge gumu kama kisigino, la kumeguka lisilovutika. Gari moshi lingefika adhuhuri.

Asubuhi hiyo aliingia Mama Matonya. Huyu alikuwa mama wa Kigogo mwenye ng'ombe wengi na mdomo mrefu kuliko pembe zao, na hakuna siku aliyopita asiseme neno.

"Mbukwa, mwanangu!" alisalimu kwa Kigogo. "Minyoo yenu leo iko wapi?"

"Mbukwa, mama. Minyoo imekufa. Angalia mwenyewe." Mishi akamwonesha ule uji.

"Hii hata mbwa wangu ataitazama kwanza." Akamkabidhi kibuyu alichokuwa ameazima. "Shika chombo chenu. Nimetia magadi ya Bahi, mazuri, hayana mchanga. Utapikia mlenda."

Aliondoka akicheka. Mishi akabaki na bonge la magadi jeupe mkononi, limepauka kama jivu la mkwaju. Akawaza: kunde ngumu tunazilainishaje? Kwa magadi. Mlenda unatelezaje? Kwa magadi. Basi na donge hili gumu litalainika. Akaloweka kipande kwenye maji, akayaacha yatulie, akamimina yale ya juu peke yake, akakandia unga.

Kumbe alikosea. Donge halikulainika hata kidogo. Liligeuka rangi, likawa la manjano kama kiini cha yai, na likazidi ukaidi. Ukilivuta linajivuta, ukiliachia linarudi. Mishi alitaka kulia. Lakini muda ulikwisha, moshi wa gari ulishaonekana upande wa mashariki. Akasukuma, akakata, akatumbukiza. Na kwa kuwa mwenye vijiti alikuwa kalala, akaopoa kwa kata.

Tambi hazikukatika. Zilitoka ndefu, zinateleza, zina ute kidogo na ukakamavu chini ya jino. Abiria walikula, na karani mmoja akatoa kichwa nje akaomba kibuyu cha pili gari likiwa limeshapiga king'ora.

Siku ya nne Mzee Aseni aliamka. Alikuta tambi za manjano kwenye ungo. Akachukua moja, akaitia mdomoni, akafumba macho. Alipoyafumbua alimgeukia Mishi.

"Hii rangi ni nini?"

Mishi alifungua mdomo aseme. Akakumbuka habari za Yahaya na furushi lake barabarani. Akaiona Kondoa, mbali, na nyumba ya shemeji zake ambako hakuna aliyemtaka.

"Mayai, baba. Nimetia mayai."

"Mangapi?"

"Manne."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Alikula kibuyu kizima, akaongeza nusu, mtu ambaye jana yake alikuwa hawezi kumeza maji. Tangu hapo kila asubuhi alimwekea Mishi mayai manne kwenye kikapu. Naye Mishi, ili uongo wake usiwe uongo mtupu, aliyavunja yote manne kwenye unga. Halafu aligeuka nyuma, akafungua kitambaa alichofichia magadi chini ya gunia, akaloweka kipande, akamimina maji yake. Kila asubuhi. Na kila jioni akisali, jambo hilo lilisimama mbele yake kama mtu.

Ikapita miezi minane hivi. Ndipo Halfani alipoleta habari.

Halfani alikuwa mtia kuni kwenye gari moshi, kijana wa Tabora, uso mweusi kwa masizi na meno meupe kupita kiasi. Aliruka chini kabla gari halijasimama sawasawa.

"Mzee Aseni! Nimekuletea ndugu yako!"

"Ndugu yupi?"

"Yuko Morogoro, Mchina kama wewe, fundi mbao, anaitwa Akamu. Anakwenda mbele huko reli inakojengwa. Nimemwambia Dodoma kuna tambi za kwenu, akanishika shati hivi! Anasema baba yake alikuwa muuza tambi, na babu yake pia. Anasema hajala tambi za kweli miaka kumi na minne. Atakuja na gari la Alhamisi."

Mzee Aseni aliketi juu ya kigogo. Kisha akainuka, akaketi tena. Mishi hakuwahi kumwona hivyo.

"Mtoto wa muuza tambi," alisema Mzee. "Mishi, umesikia? Atajua. Huyo ndiye atakayesema kama chakula chetu ni cha kweli."

Mishi alisikia. Akageuka, akalitazama lile gunia.

Siku mbili zilizobaki Mzee Aseni alifanya kazi kama kijana. Alipiga kibanda chokaa, akasugua karai kwa mchanga, akachagua mbuzi mwenyewe, akaonja mtungi wa mchuzi mweusi mara tano kwa siku. Mishi alikanda na kusukuma. Mama Matonya alipopita alimkuta ameinamia kinu bila kutwanga.

"Una nini wewe? Umefiwa mara ya pili?"

Mishi akamweleza, maana alikuwa hana mwingine. Mama Matonya akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Sasa magadi yangu yana kosa gani? Ningekuwa nimetia sumu?"

"Si chakula chao, mama. Mzee amewaambia watu miaka yote hii ni cha kwao. Yule mgeni akionja tu, atasema, nani katia hiki? Mzee ataaibika, na mimi nitatolewa."

"Basi siku hiyo usitie."

"Unga unaoletwa na gari moshi bado ni uleule mbovu. Nisipotia, zitakatika. Atapewa uji mbele ya mgeni wake."

Mama Matonya akajikuna shingo penye shanga. "Hapo mwanangu, umebanwa mlangoni." Akaenda zake, na safari hii hakucheka.

Alhamisi asubuhi Mishi alikanda madonge mawili. Moja la mayai matupu, jingine la mayai na magadi. Akayaweka chini ya kitambaa kibichi, moja pembeni mwa jingine. Akakata nyuzi chache za lile la kwanza, akazijaribu kwenye kisufuria: zikavunjika, maji yakawa meupe kama maziwa. Akasimama hapo akiyatazama. Akamfikiria Mzee alivyomletea kibuyu bila kumuuliza jina. Akasema moyoni: nikiulizwa nitasema kosa ni langu; nifukuzwe mimi, yeye asiaibike. Akalichukua donge la mayai matupu akampelekea kuku, akasukuma lile la manjano.

Akamu alishuka na sanduku begani. Alikuwa mrefu, mwembamba, wa makamo, na kidole kimoja hakipo mkono wa kushoto. Wale wanaume wawili walitazamana, wakainamiana, wakaanza kuongea kwa haraka, wote kwa pamoja. Wakajaribu tena polepole. Mzee Aseni akatikisa kichwa, Akamu akacheka kwa huzuni.

"Kwao na kwetu ni mbali," Akamu alimwambia Halfani aliyekuwa akisubiri kuona. "Kama Mgogo na mtu wa Bukoba. Maneno hayakutani."

Na kwa hiyo Wachina wawili, katikati ya Ugogo, wakakaa juu ya kigogo wakazungumza Kiswahili. Kiswahili cha Akamu kilikuwa cha Tanga, laini, na cha Mzee Aseni kilikuwa cha reli, cha kukatakata. Ndiyo maana Mishi, aliyekuwa akipepea moto, alisikia kila neno.

Gari moshi lilikuwa na saa nzima ya kutengenezwa breki. Mzee Aseni alisimama kwenye sufuria, akaopoa tambi kwa vile vijiti virefu, akazirusha kwenye karai, akanyunyiza mchuzi, akajaza kibuyu. Akampa mgeni kwa mikono miwili.

Akamu alianza na nyama. Alitafuna.

"Mbuzi," alisema.

"Mbuzi. Wateja wetu Waislamu, na mpishi wangu pia."

"Mbuzi si mbaya. Ila kwetu huwezi kukuta hivi." Akalamba mchuzi mweusi kwenye kidole. Akakunja uso kidogo, kwa adabu. "Hii ni kunde?"

"Kunde," alisema Mzee Aseni, sauti imeshuka. "Maharage ya kwetu sikuyapata."

"Nikuambie kweli, kaka?"

"Hiyo ndiyo niliyokuwa naingoja."

"Ni mchuzi mtamu. Lakini wa kwetu siyo. Na majani haya siyo, na mafuta siyo. Mtu akiniuliza, ni chakula cha Kichina hiki? Nitasema, kimefanana kwa mbali."

Mzee Aseni alitazama chini. Mishi aliona mabega ya Mzee yanashuka kama mzigo umekatika kamba, na upepeo aliokuwa akipepea nao moto ukasimama mkononi mwake.

Ndipo Akamu akavuta tambi. Alizivuta kwa vijiti vyake vifupi, akazinusa, akazitia mdomoni. Akaacha kutafuna. Akavuta tena. Kisha akakiweka kibuyu chini taratibu, akajifuta macho kwa mkono ule wa vidole vinne.

"Lakini hizi," alisema, "hizi, kaka, ulizificha wapi?"

"Nini?"

"Tambi! Hizi ni za baba yangu. Rangi hii, mtelezo huu, zinavyokataa jino kwanza kisha zinakubali. Na harufu. Umewezaje kupata maji ya jivu huku?"

"Maji gani?"

"Maji ya jivu! Baba alichoma majani na matawi, akachuja jivu kwa maji, akakandia unga. Pasipo hayo tambi si tambi. Kila muuza tambi kwetu ana mtungi wake."

Mzee Aseni akatikisa kichwa. "Sina mtungi wa hivyo. Mimi nilikuwa seremala, tambi za nyumbani nilizijua sahanini, sikuzijua jikoni. Hizi ni za mayai. Mayai manne."

"Mayai hayafanyi hivi." Akamu akanusa tena. "Nimezaliwa chini ya meza ya kukandia. Kuna kitu."

Wote wawili wakageuka wakamtazama Mishi.

Yeye alikuwa amepiga magoti karibu na moto. Akaweka upepeo chini. Akaenda kwenye gunia, akatoa kile kitambaa, akakifungua mbele ya Mzee Aseni. Bonge la magadi lilikuwa limebaki la ukubwa wa yai.

"Ni haya, baba. Si mayai. Mayai nimetia, lakini kinachofanya kazi ni haya. Magadi ya Bahi. Mama Matonya aliyarudisha kwenye kibuyu wakati unaumwa, unga ukiwa mbovu, tambi zinakatika. Nilidhani yatalainisha. Uliponiuliza nikaogopa, nikakudanganya. Miezi minane nimekudanganya kila siku. Nisamehe, na kama ni kuondoka nitaondoka leo."

Kule relini walikuwa wanagonga chuma kwa nyundo. Mzee Aseni alilichukua lile bonge, akaligusa kwa ncha ya ulimi, akaligeuzageuza kwenye jua.

"Mchuzi wangu si wa kweli," alisema polepole, kama anayejifundisha hesabu. "Nyama yangu si ya kweli. Mafuta yangu pia. Kitu kimoja tu cha kweli kwenye kibuyu changu, nacho ni kile nilichofichwa nisikijue."

"Baba..."

"Nyamaza kwanza. Siku ile nilipoamka na homa, nikatia hizi tambi mdomoni, nilimwona mama. Amesimama mlangoni, ana kikapu. Nikadhani ni homa bado iko kichwani. Sikusema, nikaogopa nikisema atapotea. Nikawa nakula kila siku ili aje." Akamtazama Mishi. "Kumbe ni wewe uliyekuwa unamleta."

Akamu akaanza kucheka, machozi bado yanamtoka, na Halfani naye akacheka bila kujua kwa nini, akasema, "Basi nami nipeni kibuyu, maana mimi ndiye niliyemleta huyu!"

Gari lilipopiga king'ora, Akamu alipanda na kibuyu kingine kilichojaa. Mzee Aseni akamwelekeza kupitia dirishani: "Chombo ukirudishe. Na usirudishe kitupu. Ni desturi ya mpishi wangu."

Mvua za kwanza zilipokuja, Halfani alishuka na kile kibuyu, amekibeba kifuani. Mdomoni mwa kibuyu vilitokeza vijiti viwili virefu vya mpingo, vimesuguliwa mpaka vinateleza, vyembamba kuliko vile vya Mzee, vya mkono mdogo.

"Amesema ni vya muuza tambi," alisema Halfani. "Amesema Mzee atajua."

Mzee Aseni alivitoa, akavipima kiganjani. Akaangalia vile alivyochomeka yeye mkandani, vya mti wa kawaida, vimeungua ncha. Maji yalikuwa yanachemka, tambi zimeshaingia, zinapanda juu na kushuka. Akampa Mishi vile vya mpingo kwa mikono miwili, kama alivyompa mgeni.

"Simama hapa," alisema, akasogea kando ya sufuria.

"Mimi, baba? Sijui kuvishika."

"Utajifunza. Mimi nilijifunza."

Tambi ya kwanza ilianguka kwenye moto, ya pili ikaanguka kwenye mguu wake, na Mama Matonya, aliyekuwa amekuja na magadi mengine, alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Ya tatu Mishi aliiopoa. Mzee Aseni alikuwa ameketi juu ya kigogo, pale wanapoketi wateja, ameshika kibuyu kitupu, anangoja zamu yake. Alipopakuliwa alikula taratibu mpaka mwisho.

Asubuhi iliyofuata Mishi aliamka mapema kukoka moto. Juu ya figa alikuta kibuyu cha Mzee, kimeoshwa kinang'aa. Akakiinua, akasikia kitu kikitembea ndani. Akakiinamisha juu ya kiganja. Ilikuwa chumvi kidogo tu, kiasi cha kubana kwa vidole vitatu.